Mgonjwa Akiwa Nyumbani: Uhakiki wa Filamu ya "A Beautiful Mind"

Miongoni mwa magonjwa yanayowatisha binadamu, ni machache yanayoandamwa na uvumi kama ule uitwao skizofrenia. Malaria tunaijua. Kifua kikuu tunakijua. Hata UKIMWI, ambao zamani ulitajwa kwa kunong'ona, leo unafundishwa darasani. Lakini mtu akianza kuzungumza na asiyeonekana, majirani huuliza swali moja kabla ya jingine lolote: "Je, hatatudhuru?" Swali hilo si la kijinga. Mwenye watoto ndani ya nyumba ana haki ya kuliuliza. Tatizo ni kwamba jibu lake tunalitafuta katika hadithi za mitaani na katika filamu, badala ya kuwauliza matabibu na familia zilizokwisha kuishi na wagonjwa.

Kwa kuwa filamu zimekuwa walimu wa watu wengi kuliko sisi tuliosomea kazi hiyo, nimeona inafaa kuihakiki moja inayohusu jambo hili. Ni filamu ya Kimarekani iitwayo "A Beautiful Mind", iliyoongozwa na Ron Howard na kutolewa mwaka 2001. Mwaka 2002 ilipewa tuzo nne za Oscar, ikiwamo ile ya filamu bora. Nimeitazama mara tatu, na kila mara nilikuwa na daftari mkononi kama nilivyokuwa nikifanya nyuma ya darasa la mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha. Uzuri wa picha na muziki wake nawaachia wengine. Mimi nauliza jambo moja: familia yenye mgonjwa nyumbani ikiitazama filamu hii, itajifunza nini kuhusu usalama wake na usalama wa mgonjwa?

Kwanza tumjue mhusika. John Nash alizaliwa mwaka 1928 katika jimbo la West Virginia. Alipata shahada ya udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 21, kwa tasnifu isiyofika kurasa 30. Alimwoa Alicia, mzaliwa wa El Salvador aliyesomea fizikia, mwaka 1957. Mwaka 1959, mkewe akiwa mjamzito, ugonjwa ukamshika. Alilazwa hospitalini mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Baada ya miaka mingi ya giza nafuu ikaja polepole, na mwaka 1994 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten, kwa kazi aliyoifanya akiwa kijana. Wasifu wake uliandikwa na Sylvia Nasar katika kitabu kilichotoka mwaka 1998, na filamu ikachukua jina la kitabu hicho.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Filamu hii ina mema yake, na la kwanza ni kumtoa mgonjwa katika orodha ya wanyama wakali. Kwa miaka mingi sinema zilituzoesha mwendawazimu mwenye kisu. Mfano ujulikanao zaidi ni "Psycho" ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, ambamo kijana mwenye nyumba ya wageni anaua huku akijidhania kuwa ni mama yake. Watu wengi walitoka katika sinema za namna hiyo wakiamini kwamba skizofrenia ni mtu mmoja kuwa na nafsi mbili, moja njema na moja ya kuua. La hasha! Jina hilo lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya akili iliyopasuka. Alikusudia kusema kwamba mawazo, hisia na matendo ya mgonjwa huachana, kila kimoja kikaenda njia yake. Hakusema kwamba ndani ya mtu kuna watu wawili.

Jema la pili ni ufundi wa kumwingiza mtazamaji ndani ya ugonjwa. Kwa sehemu kubwa ya filamu tunamwona Nash akiwa na rafiki wa chumba kimoja, na mtoto mdogo wa kike anayefuatana na rafiki huyo, na afisa wa serikali anayempa kazi ya siri ya kusoma maandishi ya maadui. Tunawaamini wote. Kisha tunaambiwa kwamba watu hao watatu hawajawahi kuwapo. Hapo mtazamaji anajikuta ametapeliwa kama mgonjwa alivyotapeliwa na akili yake mwenyewe. Sijui somo bora zaidi la kumfanya mtu aache kumwambia mgonjwa, "Acha ujinga, hakuna mtu hapo." Kwa mgonjwa, mtu yupo.

Lakini hapo hapo ndipo kosa la kwanza lilipojificha. Nash wa kweli hakusumbuliwa na watu wa kuonekana kama hao. Alisumbuliwa na sauti, pamoja na imani zisizotikisika kwamba alikuwa akipelekewa ujumbe wa siri. Wagonjwa wengi wa skizofrenia ndivyo walivyo: husikia zaidi ya wanavyoona. Watengenezaji wa filamu walibadili jambo hili kwa sababu sinema ni sanaa ya macho, na ninaelewa shida yao. Hata hivyo mabadiliko hayo yana gharama. Anayefundishwa kwamba mwenye ugonjwa huu huona watu, hatamtambua yule anayesikia tu.

Nitatoa mfano. Mwaka 1996, nikiwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, mwanachuo wa mwaka wa pili alianza kuziba masikio kwa pamba. Aliwaambia wenzake kwamba walimu walikuwa wakimjadili usiku nyuma ya ukuta wa bweni, hata siku ambazo walimu hao walikuwa wamesafiri. Kwa kuwa hakudai kuona majini wala mashetani, wenzake walikata shauri kwamba anajifanya ili akwepe mazoezi ya kufundisha. Zilipita wiki sita kabla rafiki yake mmoja hajaja ofisini kunieleza. Kijana wa watu alikuwa amekonda, halali, hali, na ameacha kuoga. Dalili zote zilikuwapo isipokuwa ile moja ambayo watu waliingojea.

Sasa nifike kwenye sehemu ya filamu inayogusa mada yetu moja kwa moja. Nash amerudi nyumbani na ameacha kumeza dawa kwa siri, kwa kuwa zinampumbaza akili na kumwondolea nguvu za unyumba. Wale watu wake wasiokuwapo wamerudi. Siku moja anamwogesha mtoto wao mchanga. Anamwacha ndani ya beseni la kuogea, maji yakiendelea kujaa, kwa sababu anaamini rafiki yake anamtazama mtoto. Rafiki huyo hayupo. Mama anawahi kwa sekunde chache tu. Kisha anapokimbilia simu kumwita daktari, Nash anamrukia na kumwangusha, kwa kudhani kwamba anamwokoa na bastola ya yule afisa wa siri.

Nimeiona sehemu hii kuwa ndiyo kilele cha filamu yote, na pia ndiyo yenye ukweli mwingi kuhusu hatari, ingawa tukio lenyewe lilitungwa. Hapa hakuna chuki wala kiu ya damu. Mtoto anakaribia kufa kwa sababu baba amemkabidhi kwa mtu asiyekuwapo. Mama anaangushwa kwa sababu mume anataka kumkinga. Tena hatari imetokea ndani ya nyumba, si kichochoroni usiku, na imetokea baada ya dawa kuachwa kimyakimya.

Mambo haya matatu yanakubaliana na yale ambayo wataalamu wamekwisha kuyaeleza. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba skizofrenia inawapata watu wapatao milioni 24, yaani mtu mmoja kati ya kila 300. Walio wengi kabisa hawamdhuru mtu. Si kweli, hata hivyo, kusema kwamba hatari haipo kabisa, na wale wanaosema hivyo kwa nia njema hawazisaidii familia. Uwezekano wa ukatili huongezeka kiasi, hasa kabla mgonjwa hajaanza kutibiwa, au akiwa ameacha dawa, na zaidi sana akiwa mlevi wa pombe au mvutaji wa bangi. Utafiti mashuhuri wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 uliwafuata wagonjwa wa akili waliotoka hospitalini. Katika jiji la Pittsburgh waliwalinganisha na majirani zao, na wale ambao hawakuwa walevi hawakuonekana kuwazidi majirani hao kwa ukatili. Nchini Uswidi, utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, katika vipindi ambavyo watu walikuwa wakitumia dawa za ugonjwa huu, makosa yao ya kutumia nguvu yalikuwa pungufu kwa asilimia 45 kuliko katika vipindi wasipozitumia. Na pale madhara yanapotokea, mara nyingi huwapata ndugu wa karibu, hasa mama na mke, kuliko mpita njia.

Kuna upande mwingine ambao filamu imeugusa kidogo tu. Mgonjwa hudhuriwa mara nyingi zaidi ya anavyodhuru, na huweza kujidhuru mwenyewe. Yule mwanachuo wangu, habari zake zilipoenea, wenzake waliniletea barua yenye sahihi nyingi wakitaka afukuzwe kwa hofu kwamba angewachinja usiku. Damu iliyomwagika ilikuwa yake. Vijana walimpiga mawe sokoni, na mgambo mmoja akamfunga kamba mikononi hadi ngozi ikachubuka. Katika barua ile yenye sahihi, hakuna aliyeuliza nani angemlinda yeye.

Turudi kwenye filamu, kwani kosa lake kubwa liko hapa. Siku ile ya beseni, Alicia anaingia garini na mtoto ili aondoke. Nash anasimama mbele ya gari na kusema kwamba ameng'amua jambo: yule mtoto wa kike wa maruweruwe hakui, miaka yote yuko vilevile, kwa hiyo hawezi kuwa mtu wa kweli. Basi mke anabaki. Anamshika uso, anamgusa kifua, na tunaelewa kwamba mapenzi yameshinda. Kuanzia hapo ndoa inasonga mbele bila kukatika hadi siku ya Nobel, ambapo mume anamshukuru mkewe jukwaani kwa hotuba nzuri iliyotungwa na mwandishi wa filamu.

Haikuwa hivyo. Katika maisha ya kweli, Alicia aliachana naye kwa talaka mwaka 1963. Mwaka 1970 akamkaribisha tena nyumbani kwake, lakini kama mpangaji, si kama mume. Waliishi hivyo kwa miaka mingi, kila mmoja na nafasi yake. Walioana tena mwaka 2001. Wakafa pamoja tarehe 23 Mei 2015 katika ajali ya teksi huko New Jersey, walipokuwa wakirejea kutoka Norwei ambako Nash alikuwa amepewa Tuzo ya Abel ya hisabati.

Kwa nini watengenezaji waliificha talaka? Nadhani waliona kwamba ingechafua hadithi ya mapenzi. Mimi nasema wameitupa sehemu ambayo mama wa Temeke au wa Kisumu angeihitaji kuliko zote. Mke wa mgonjwa katika nchi zetu huambiwa na wakwe na viongozi wa dini kwamba avumilie, na kwamba akiondoka amemtupa mumewe. Filamu inamwunga mkono mkwe: kaa, penda, atapona. Lakini Alicia wa kweli alionyesha njia nyingine. Alijitenga alipoona haiwezekani kuishi pamoja, kisha akampa mgonjwa paa na sahani ya chakula bila kujirudisha katika kitanda kimoja naye. Alijilinda, na hakumtupa. Mapenzi ya namna hiyo hayana muziki wa kinanda nyuma yake, lakini ndiyo yaliyomweka Nash hai na nje ya mitaa mpaka akili ikamrudia. Anayemwambia mwanamke kwamba upendo peke yake ni kinga ya kutosha anamtia hatarini, na anamtia hatarini mgonjwa pia. Kwani siku akimdhuru mkewe au mwanawe, nani atampokea tena?

Kosa la tatu linahusu dawa, na hili linataka busara kidogo. Ndani ya filamu, Nash mzee anasema kwamba anatumia dawa mpya. Nash wa kweli alieleza mwenyewe kwamba hakutumia dawa tangu mwaka 1970. Watengenezaji walibadili maneno kwa hofu kwamba wagonjwa wangeitazama filamu na kutupa vidonge vyao. Je, uongo wa kheri unafaa? Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na sikupata kuona uongo wa darasani ambao haukurudi kumtia mwalimu aibu. Leo ukweli huo unajulikana kwa yeyote anayetaka kuujua, na anayetaka kuacha dawa hupata sababu maradufu: kwanza Nash aliacha, na pili tulifichwa. Ingekuwa bora waseme kweli na kuifafanua. Wengi wanaoacha dawa huugua tena. Mtu mmoja akivuka kwa kuogelea mto wenye mamba, hilo halibomoi faida ya daraja. Hata huyo mwogeleaji alichukua zaidi ya miaka 20 majini kabla ya kufika ng'ambo, na nyumba yake ilibeba gharama yote.

Mwanachuo wangu alipita darajani. Alipelekwa hospitali ya mkoa, akaanzishiwa vidonge na baadaye sindano ya kila mwezi. Alikaa kwao mwaka mzima chini ya uangalizi wa dada yake mkubwa, kisha akarudi chuoni na kumaliza masomo. Alifundisha hisabati katika shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 20. Sauti hazikumwisha kabisa. Alisema zilikuwa kama redio ya jirani, unaisikia lakini huna haja ya kuitii.

Jambo la mwisho nitakalolitaja ni ujirani. Hapa filamu imefanya vema. Inamwonyesha Nash akizurura katika chuo chake cha zamani, wanafunzi wengine wakimcheka na kuiga mwendo wake, lakini mlango wa maktaba ukibaki wazi kwake. Hili lilitokea kweli. Kwa miaka mingi alitembea katika majengo ya hisabati ya Princeton, akaandika fumbo zake ubaoni, na wengi walimwacha. Jumuiya ile haikumponya, ila ilimpa mahali pa kuwapo mchana bila kupigwa. Wala tusidhani kwamba hekima hiyo ni ya wazungu peke yao. Daktari Thomas Adeoye Lambo, Mnijeria, alianza mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta, mpango wa kuwapangisha wagonjwa katika nyumba za wanakijiji jirani na hospitali, kila mmoja akifuatana na ndugu yake. Asubuhi walitibiwa, jioni walikaa barazani na wenyeji. Kwetu sisi, jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyowatibu maelfu, limegeuzwa kuwa tusi la watoto. Na bado ziko nyumba ambamo mgonjwa hufungwa mnyororo kwenye chumba cha uani. Wanaofanya hivyo si wakatili wote. Wengi wamechoka, na hawajaonyeshwa njia nyingine.

Njia nyingine ipo, na ingewezekana kuiingiza katika filamu bila kuiharibu. Dawa isimamiwe na mtu mmoja anayeaminika. Pombe na bangi zisiingie katika nyumba hiyo kwa hali yoyote. Mapanga, shoka na sumu ya panya viwekwe mahali penye kufuli, kwa usalama wa mgonjwa mwenyewe na wa wengine. Mtoto mchanga asiachwe peke yake na mtu ambaye ugonjwa wake umeamka. Familia izijue dalili za mwanzo: kukosa usingizi, kujifungia, kumshuku ndugu mmoja kwa jina. Mgonjwa akikasirika, asibishiwe maruweruwe yake wala asizungukwe na watu wengi. Apewe nafasi, aongee naye mtu mmoja kwa sauti ya chini, na mlango uwe wazi. Kabla siku mbaya haijafika, familia iwe imekwisha kukubaliana nani atakwenda kumwita mganga wa zahanati au mjumbe, na watoto watakwenda kulala kwa nani. Akitishia kuua au kujiua, tishio lake lichukuliwe kwa uzito siku hiyo hiyo.

Kwa kifupi, ninaipa filamu hii alama nzuri kwa kumrudishia mgonjwa utu wake, na alama pungufu kwa kuwadanganya wale wanaolala naye chini ya paa moja. Nawashauri wasomaji waitazame, tena na familia zao. Lakini itakapofika sehemu ya gari, pale mama anapobaki, naomba mwenye rimoti asimamishe picha kidogo awaeleze watoto ilivyokuwa kweli: kwamba mama yule aliondoka, na kwamba baadaye alifungua mlango. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wasanii nao, wakituficha namna watu walivyojihifadhi na maradhi, wanatuacha na machozi mazuri, na kesho yake mgonjwa yuko pale pale uani, na sisi hatujui la kufanya.